Tembea Kwanza, Ndipo Ununue

Mazungumzo na wananchi wa kata ya Machochwe, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara

Taasisi yetu imezoea kuzungumza na walaji juu ya mizani ya madukani, mbegu zisizoota, simu bandia na vyakula vilivyopitwa na muda. Leo nimeomba ruhusa niseme juu ya bidhaa ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa bidhaa hata kidogo. Nazungumzia vyuma, plastiki, mikanda na viatu maalumu vinavyofungwa mguuni ili kumsaidia mtu atembee. Wataalamu huviita vifaa tegemezi. Havichukui nafasi ya kiungo kilichokatwa, kama ufanyavyo mguu bandia. Huushika mguu uliopo, uwe umelegea, umepinda au umekakamaa, na kuuongoza.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Baba yangu mzazi alipatwa na kiharusi, akapooza upande wa kulia. Baada ya miezi kadhaa alisimama, akaanza kutembea, lakini mguu wa kulia alikuwa akiuburuta na vidole vikikwaruza chini. Nami, mtoto mwenye mshahara na haraka, nikaenda mjini katika duka linalouza vifaa vya hospitali. Nikaona kipande cha plastiki nyembamba kilichokunjwa mfano wa herufi L, kinachopita nyuma ya muundi na kuingia chini ya unyayo, kina mkanda mmoja juu. Muuzaji aliniuliza swali moja tu: mzee anavaa kiatu namba ngapi? Nikamwambia. Akakifunga kwenye mfuko wa rambo, nikalipa, nikaondoka nimefurahi.

Baba alikivaa bila kulalamika. Wiki ya tatu mama ndiye aliyeona soksi imelowa damu. Juu ya mfupa wa nje wa kifundo cha mguu palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kizibo cha soda. Mzee hakusema kwa sababu mbili. Ya kwanza, upande ule ulikuwa umekufa ganzi kiasi, maumivu hakuyasikia sawasawa. Ya pili aliniambia baadaye: hakutaka nione kwamba fedha yangu imepotea. Nilirudi dukani. Muuzaji akasema kifaa kikishavaliwa hakirudishwi, na risiti sikuwa nayo, kwa kuwa siku ile sikuidai. Hapo mimi niliyekuwa nikiwafundisha watu kudai risiti sikuwa na neno la kusema.

Kidonda kilichukua muda mrefu kupona. Kilipopona tukampeleka mzee hospitali ya rufaa, na huko ndiko nilikojifunza jambo lililonileta hapa leo. Mtaalamu wa viungo bandia hakuuliza namba ya kiatu. Alisema, “Mzee, naomba uvue viatu, utembee mpaka pale ukutani, kisha urudi.” Akamtazama kwa mbele, akamtazama kwa nyuma, akachuchumaa na kumtazama kwa ubavuni. Akamwomba arudie akiwa amevaa viatu. Akapiga picha ya video kwa simu yake ya mkononi, akaitazama tena polepole. Akakipindua kiatu cha kulia na kuangalia soli. Kazi hiyo yote haikuzidi nusu saa. Ndipo akatuambia kwamba mguu wa baba haukuwa umelegea peke yake. Msuli wa nyuma ya muundi ulikuwa umekakamaa na kuusukuma unyayo chini kwa nguvu, na goti lilikuwa likirudi nyuma kila alipokanyaga. Plastiki nyembamba niliyonunua hutengenezwa kwa ajili ya mguu unaoning'inia bila ukakamavu. Kwa baba yangu ilikuwa ikipigana na msuli wenye nguvu kuiliko, na kila iliposhindwa ilijipinda na kumsugua mfupa.

Kitendo kile cha kumtazama mtu akitembea kina jina: uchambuzi wa mwendo. Katika nchi zenye uwezo mkubwa hufanyika ndani ya vyumba vyenye kamera nyingi, na sakafu yenye vipimo vinavyosoma uzito wa kila hatua. Lakini msingi wake ni jicho lililofundishwa. Mmoja wa waliojenga elimu hii ni Dakta Jacquelin Perry wa Marekani, aliyeanza kazi kama mtaalamu wa mazoezi tiba jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha akawa daktari wa upasuaji wa mifupa. Katika hospitali ya Rancho Los Amigos, California, alihudumia watu waliopooza kwa polio, naye pamoja na wenzake wakapanga utaratibu wa kuukata mwendo vipande vipande na kuuliza katika kila kipande: kifundo kinafanya nini, goti linafanya nini, nyonga inafanya nini. Utaratibu huo hauhitaji umeme. Unahitaji mahali pa kutembea hatua kumi hivi na mtu ajuaye anachokitazama.

Tuseme basi anatazama nini. Hesabuni tangu kisigino cha mguu mmoja kinapogusa ardhi hadi kisigino hicho hicho kinapogusa tena. Mtu mzima anayetembea vizuri, katika sehemu 100 za muda huo, unyayo wake hukaa chini sehemu 60 hivi na kuwa hewani sehemu 40. Wakati wa kukaa chini, mguu unabeba mwili wote, hivyo goti lisipokuwa na nguvu litakunja na mtu ataanguka. Wakati wa kuwa hewani, kazi yake ni kupita bila kukwaa. Na hapa pana jambo lililonishangaza: vidole vya mtu mzima mwenye afya hupita juu ya ardhi kwa nafasi ya sentimita 1 hadi 2 tu. Fikirieni njia zetu za kwenda kisimani na shambani, mawe yake na mizizi yake. Mtu ambaye unyayo wake umeshuka kidogo tu hana nafasi tena. Atafanya mojawapo ya mambo haya: atainua goti juu kama anayevuka mto, au atauzungusha mguu kwa nje kama anayefyeka nyasi, au ataburuta. Majirani wote watasema anachechemea. Mtaalamu ataona mienendo mitatu tofauti.

Ndiyo maana nasema kuchechemea si ugonjwa mmoja. Mtu aliyechomwa sindano vibaya makalioni hata ikaumiza mshipa mkubwa wa fahamu, mtu aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda na mfupa ukaunga ukiwa mfupi, mama mwenye nyonga iliyosagika, kijana mwenye mtindio wa ubongo, wote wanaweza kupita barabarani wakionekana wanafanana. Wa kwanza huenda akasaidiwa na ile plastiki nyembamba. Wa pili anahitaji kiatu kilichoongezwa soli. Wa tatu hahitaji chochote kifundoni. Anahitaji fimbo nzuri na daktari. Wa nne anahitaji kifaa kigumu kilichopimwa mwilini mwake, na mazoezi. Ukiwapa wote bidhaa moja kutoka rafu moja, mmoja atafaidika na watatu watakuwa wametoa fedha bure, ikiwa hawakupata madhara juu yake.

Nitatoa mfano mmoja zaidi, kwa kuwa naona hapa wapo watu wa rika langu waliopata polio utotoni. Nchi yetu ilimpata mgonjwa wake wa mwisho wa virusi vya asili vya polio mwaka 1996, lakini walioupata ugonjwa kabla ya hapo tunaishi nao na wengine bado wanavaa vyuma. Utamwona mtu wa namna hiyo akitembea huku amebonyeza paja lake kwa kiganja. Si mazoea mabaya. Msuli wa mbele ya paja umekufa, basi mkono unafanya kazi ya kulifunga goti lisikunje. Mara nyingi kisigino chake nacho hakifiki chini vizuri, na unyayo huo ulioshuka unalisukuma goti nyuma na kumpa uthabiti. Sasa aje mtu mwenye nia njema, aunyoshe unyayo ule kwa kifaa au kwa upasuaji ili upendeze, bila kumtazama akitembea. Mguu utakuwa umenyooka na mwenye mguu atakuwa anaanguka, kwa sababu kile kilichoonekana kuwa kasoro kilikuwa nguzo yake. Mimi si mtaalamu, lakini tangu nilipoelezwa jambo hili sijaweza tena kumhukumu mtu kwa namna anavyotembea.

Kifaa kilichopimwa hutengenezwaje? Mguu hufungwa bendeji yenye plasta, hukaa dakika chache ikakauka, kisha hukatwa na kutolewa kama ganda. Ganda hilo hujazwa plasta nyingine na kupata sanamu ya mguu wako. Fundi huirekebisha sanamu: anaongeza mahali penye mifupa ili plastiki isiguse, anapunguza mahali panapoweza kubeba mgandamizo. Karatasi nene ya plastiki hulainishwa katika tanuri na kufunikwa juu ya sanamu, ikipoa inakatwa, inasuguliwa kingo, inawekwa mikanda. Kisha unakivaa, na unatembea tena mbele yake. Jaribio hilo la pili ndilo ambalo watu wengi hulikatisha kwa kuwahi gari. Msiliwahi. Kona moja iliyosuguliwa siku hiyo inaweza kuokoa miezi ya kidonda. Kazi hii ina elimu yake, na nchi yetu ina fahari ndani yake: chuo cha TATCOT, pale KCMC mjini Moshi, kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa tegemezi tangu mwaka 1981, na kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Mkishakipata, mkivae kwa vipindi. Siku ya kwanza saa moja, kisha vueni mtazame ngozi. Siku zinazofuata mwongeze kidogo kidogo kama mtakavyoelekezwa. Vitabu husema tazama wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, basi tafuteni sehemu iliyozidi weusi, inayong'aa au yenye joto unapoweka nyuma ya mkono. Alama ikiondoka ndani ya dakika 20 hadi 30, ni kawaida. Ikibaki, kifaa kinabana, kivueni na kukirudisha kwa aliyekitengeneza. Msikitie moto nyumbani ili kukipanua, na msikate wenyewe. Kwa mwenye kisukari, aliyewahi kuugua ukoma, au aliyekufa ganzi kama baba yangu, ukaguzi huu ufanywe kila siku na mtu mwingine mwenye macho mazuri. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini mguu uliokufa ganzi hata mwenyewe haujui.

Kuna suala la viatu, ambalo maofisini hulisahau. Kifaa cha kuvaa ndani ya kiatu hakifanyi kazi na kandambili. Unyayo hutoka, kisigino hupanda, na kifaa chote huzunguka. Si lazima ununue kiatu cha bei kubwa. Katambuga za matairi zenye mkanda unaofunga nyuma ya kisigino na mwingine juu ya unyayo zinaweza kushika vizuri, ikiwa fundi atazikata pana kuliko mguu. Nendeni kwa mtaalamu na kiatu mtakachokivaa kila siku, kwa maana kisigino kikibadilika urefu, pembe ya mguu mzima hubadilika na goti hupata habari.

Fimbo nayo ni kifaa. Najua kwetu fimbo ya mzee ni heshima yake, na simwambii mtu aiache. Nasema tu kwamba ile ya kuegemea ina kipimo: simama wima ukiwa na viatu, acha mkono uning'inie, kishikio kifike kwenye mkunjo wa kiganja na mkono. Na ishikwe mkono wa upande ulio mzima, si upande unaouma. Nimesema hivi mara nyingi na watu wakacheka. Basi mtu mwenye goti bovu la kushoto aijaribu kulia leo jioni, mguu wa kushoto na fimbo vikienda pamoja, atupe majibu.

Akina mama wenye watoto wachanga, nina maneno kwenu peke yenu. Mtoto akizaliwa unyayo umegeukia ndani, hiyo ni hali inayoitwa mguu kifundo, na haikuletwa na laana wala na jambo ulilolifanya ukiwa mjamzito. Njia ya Dakta Ponseti hunyoosha unyayo kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, mara nyingi tano hadi saba, na watoto wengi hukatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo. Baada ya hapo mtoto huvishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na wakati wa usingizi mpaka afikishe miaka minne au mitano. Hapo ndipo tunapoteza watoto wengi. Mguu unaonekana umenyooka, mtoto analia usiku, bibi anasema mwacheni apumzike, na kifaa kinawekwa juu ya kabati. Miezi michache baadaye unyayo unarudi ulikotoka. Kama mtoto analia, rudini mkague kiatu, kwa kuwa yawezekana kisigino hakijakaa vizuri. Lakini msikivue kwa huruma. Na mtoto anakua. Kifaa chochote cha mtoto kikaguliwe kila baada ya miezi mitatu hadi sita, hata kama hakuna anayelalamika.

Sasa nirudi kwenye kazi iliyonileta, yaani haki yenu mnaponunua. Mahali pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu nanyi au hospitali ya Mugumu. Ombeni barua ya rufaa. Wenye uhitaji mkubwa watapelekwa Musoma au Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Kabla ya kupanda gari, pigeni simu kuuliza siku ambayo mtaalamu wa viungo bandia yupo, gharama ya kifaa, gharama ya kurekebishwa, na kama bima yenu inalipia. Nauli ya kutoka hapa hadi Mwanza si jambo dogo, na safari ya kifaa si moja: kuna ya kupimwa, ya kujaribu na ya kukagua. Asiyeweza kulipa amwone afisa ustawi wa jamii wa wilaya kabla ya kukata tamaa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya huduma za afya na utengamao. Afisa huyo anajua milango yake.

Mkiamua kununua dukani, mwambieni muuzaji kwa maneno, mbele ya shahidi, kifaa ni cha nani na mnataka kifanye nini. Mambo haya yana uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi aliyemweleza mfanyabiashara wa bidhaa hiyo kusudi lake, na akategemea ujuzi wake, anastahili kitu kinachofaa kwa kusudi lile. Mimi sikusema chochote zaidi ya namba ya kiatu, nikajinyima silaha hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora au manufaa ya bidhaa. Basi anayewaambia kuwa kifaa chake kinaponya kiharusi, au kinamfaa kila mtu, mwombeni aliandike hilo kwenye risiti. Wengi hunyamaza. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, na yanayohusu usalama wa kifaa chenyewe hupelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Chukueni risiti, picha ya kifaa, picha ya kidonda kama kipo, na tarehe. Afisa mtendaji wa kijiji anaweza kuwasaidia kuandika barua.

Wala simchukii mwenye duka. Wapo wenye maduka wanaosema, “Mlete mgonjwa kwanza nimwone, au mwende hospitali.” Mfanyabiashara akikukatalia namna hiyo, mkumbuke jina lake na mrudi kwake.

Baba alipata kifaa chake cha pili, kigumu, chenye mikanda mitatu na pamba laini juu ya ule mfupa. Kilirudishwa kurekebishwa mara mbili. Hakumfanya atembee kama zamani, na hakuna aliyetuahidi hivyo. Anatoka nyumbani hadi zizini na kurudi, akiwahesabu ng'ombe wake mwenyewe bila kushikwa mkono. Ile plastiki ya kwanza nimekuja nayo. Ipo kwenye mfuko huu, mtaishika mkaone wembamba wake na mahali ilipopinda.

Mwenzangu, mtaalamu wa mazoezi tiba tuliyefuatana naye, amepima hatua kumi pale kwenye nyasi, kati ya mti na benchi. Wenye shida ya kutembea, au waliokuja na watoto, wasogee upande ule mmoja mmoja, wazee watangulie. Aliyevaa kifaa asikivue. Na aliyekuja na viatu vilivyochakaa asione haya, kwa kuwa soli zake ndizo tutakazoanza kuzisoma.